Kanista ya mvuke kwenye pikapu ya kabureta: uirudishe, upachike ya gari nyingine, au uing'oe?

Wakuu, kama una pikapu ya zamani ya petroli, Hilux ya injini ya 22R au 18R, Datsun 1200, Land Cruiser ya 3F na wenzake, fungua boneti ucheki pembeni. Nyingi utakuta kopo jeusi la duara limeingiwa na mipira miwili mitatu, na mara nyingi mmoja ushachomoka unaning'inia au kuna mtu kauziba na bolti. Hiyo ndo kanista ya mvuke wa mafuta, na anayeulizia habari zake kwa kawaida ni mtu ambaye gari ikilala ndani ya geti asubuhi nyumba nzima inanuka petroli. Sasa hapo ndo kizunguzungu, mmoja anamwambia tafuta orijino, mwingine anamwambia nenda Gerezani, kule wanakouza spea za skrepa Dar, katoe ya Corolla upachike, wa tatu anamwambia ng'oa takataka hiyo utupe, na wote watatu wana gari zinazotembea. Kila mmoja yuko sahihi kwa mazingira yake, shida wanampa jibu mtu ambaye hawajamuuliza gari inalala wapi.

Kwanza tujue kopo linafanya nini. Petroli haingoji moto ili iwe mvuke, inapanda yenyewe muda wote. Tenki la lita 60 lililojaa asubuhi likipata joto la digrii 15 zaidi mchana, mafuta yenyewe yanavimba karibu lita moja kasoro kidogo, achilia mbali mvuke unaokaa juu yake unaotafuta pa kutokea. Kuna mvuke mwingine unatoka kwenye bakuli la kabureta, pale petroli inapokaa ikisubiri kuingia injini, ukizima injini ikiwa bado ya moto. Yote miwili inapelekwa kwenye kopo, mkaa maalum wa ndani unaishika, halafu ukiwasha gari ikapata joto na ukakanyaga pedeli, injini inaivuta kupitia mpira mwembamba inaichoma. Basi, hamna uchawi zaidi ya huo. Chanzo chake ni moshi-ukungu wa Los Angeles, walipogundua mvuke wa petroli na moshi wa magari vikipigwa na jua vinazaa ile hewa ya kuwasha macho, California wakalazimisha magari madogo ya 1970 yaje na kitu hiki na mwaka uliofuata ikawa Marekani nzima. Ndo maana pikapu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani ina mipira kama bakuli la tambi, na ile iliyoletwa mpya huku miaka hiyo ina michache. Wenye Peugeot 504 pikapu msihangaike sana, nyingi za huku hazikuja na kopo kabisa.

Kabla hujalaumu kopo

Harufu sio lazima itoke hapo. Angalia ule mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tenki, kwenye gari za umri huu unakuwa umepasuka kwa ndani ya mkunjo ambako huoni, dalili yake harufu inazidi ukishajaza na ukikata kona za upande mmoja. Angalia raba ya kifuniko. Angalia pampu ya mafuta iliyofungwa kwenye injini, diafram ikitoboka inatema kidogo kidogo kwenye kitundu cha chini na wakati mwingine inaingiza petroli kwenye oili.

Halafu kuna hili ambalo naliona sana kwenye gari zilizowahi kushushwa tenki: kuna paipu tatu, ya kupeleka mafuta, ya kurudisha, na ya mvuke, na ya kurudisha na ya mvuke unene wake unakaribiana. Fundi akizichanganya, mafuta yanayorudi kutoka kwenye pampu yanamiminwa moja kwa moja ndani ya kanista. Chomoa kopo ulitikise, likiwa zito na linabwatabwata kama lina maji basi ni hivyo, au wewe ni wale wa "jaza mpaka mdomoni" hata baada ya pampu kujikata, mafuta yanapanda kwenye njia ya mvuke yanalowesha mkaa. Ukiweka kopo jipya bila kumaliza hilo umetupa hela.

Na bolti. Kuziba mpira wa mvuke kwa bolti naomba tusiihesabu kama chaguo la nne. Vifuniko vingi vya Toyota vya wakati huo vinaruhusu hewa kuingia tenkini lakini mvuke kutoka haviruhusu, kwahiyo ukiziba njia ya kutokea, jua likipiga presha inapanda tenkini, inasukuma petroli kwenye laini mpaka kabureta, sindano ya floti inashindwa kuizuia, bakuli linafurika, unarudi kutoka dukani gari haiwaki inanuka mafuta mabichi na unaanza kubadili plagi ambazo hazina kosa. Na ikiwa kifuniko nacho kimeziba hewa ya kuingia inakuwa kinyume, tenki linavuta utupu, gari inakata ukiwa barabarani, ukifungua kifuniko unasikia "shhh" halafu inawaka vizuri. Ukisikia hiyo shhh kubwa kila siku ushajua pa kuanzia.

Vya kupimia

Mimi naangalia vitu vitano. Usalama na harufu, yaani mvuke unaishia wapi gari ikiwa imepaki. Pesa na upatikanaji wa spea. Injini itakaaje, hasa ikiwa imesimama inaunguruma na ikiwashwa tena ya moto. Sheria na ukaguzi wa ulipo. Na mwisho, fundi wako anaweza kuifuatilia ikisumbua au mpaka umtafute mzee mmoja aliyestaafu. Uzito wa kila kimoja unaupanga mwenyewe.

Kurudisha mfumo wa kiwandani

Usalama na harufu: hapa ndo inapong'ara. Mfumo ukiwa mzima gari inalala kwenye gereji iliyofungwa na huisikii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini unatambaa sakafuni, na unahitaji kufika kama asilimia 1.4 tu ya hewa ili uweze kushika moto, kwahiyo mwenye gereji iliyoungana na jiko au mtungi wa gesi hili sio la kubishana.

Pesa: hapa ndo inapouma. Kopo jipya la injini za kabureta ni la kuagiza na halina bei ya huruma, na kopo sio peke yake, kuna mipira yote (inunue ya mafuta, mpira wa maji unalainika na kuoza), kuna valvu ya joto inayofungua mvuto maji ya injini yakishapata moto, na kwenye Toyota kadhaa kuna solenoidi, yaani valvu ya umeme, inayofungua mlango wa bakuli la kabureta ukizima swichi. Kimoja kikifa vingine vinaonekana vibovu. Lakini usikimbilie kununua kabla hujalipima la zamani, maana mengi ni mazima.

Litoe ulishike. Zima ni jepesi na kavu. Kwenye kopo la Toyota puliza upepo mdogo kwenye mdomo wa tenki, upite bila kukwama kwenda milango mingine, kisha puliza ule mdomo wa kuvutwa na injini, hapo upepo usipite kwa sababu ndani kuna valvu ya upande mmoja. Puliza, usinyonye, utavuta mvuke mapafuni. Ukitumia kompresa weka kitambaa cheupe upande wa kutokea, ukiona vumbi jeusi au chembe za mkaa, nyavu ya ndani imekatika na hilo kopo usilirudishe hata kama linapitisha, zile chembe safari yao ni kabureta. Na usilioshe, si kwa maji si kwa petroli. Kuna jamaa wanalifungua wanajaza mkaa wa jiko, huo haujasindikwa kushika mvuke, unashika kidogo sana halafu unamwaga vumbi.

Injini: ikifungwa sawa hutajua kama ipo. Mpira wa kuvuta unatakiwa upate mvuto juu ya kipepeo cha kabureta (kile kibati kinachofunguka ukikanyaga pedeli), maana yake gari ikiwa imesimama inaunguruma hakuna kinachovutwa, mpaka ukanyage. Jaribio lake ni rahisi, injini ikiwa ya moto bana huo mpira na koleo, kama mlio ulikuwa unatetemeka ukatulia basi kuna mtu kauchomeka kwenye manifodi ya kuvutia hewa, chini ya kipepeo, au valvu imekwama wazi.

Ukaguzi: kwa huku hainipi shida, trafiki anaangalia breki, taa, matairi na stika, sijawahi kusikia ameuliza kanista. Kwa ndugu zetu walioko Marekani ndo njia isiyo na maswali, nitarudi huko. Fundi: anahitajika mtu mwenye subira na mchoro wa mipira, kwenye Toyota nyingi mchoro umebandikwa chini ya boneti, kama wako bado unasomeka upige picha leo kabla rangi haijapigwa juu yake.

Inamfaa mwenye gari ambalo vitu vyake vingi bado vipo, gari la kutunza, au linalolala ndani.

Kupachika kanista ya gari nyingine

Hapa ndo wengi wa kwetu wanapoangukia, na mimi naiheshimu njia hii kuliko wanavyoiheshimu mafundi wa kusoma. Makopo ya Corolla na Nissan za miaka ya 90 na 2000 yamejaa kwenye skrepa, Gerezani kwa Dar, Kirinyaga Road kwa Nairobi, na mkaa wake mara nyingi una hali nzuri kuliko la miaka arobaini lililoko kwako.

Kwenye usalama inakaribia kabisa ile ya kiwandani, kwa sharti kwamba uifunge ukielewa. Tatizo ni hili: gari za injekta hazina kabureta, kwahiyo kopo lake lina mdomo wa tenki, mdomo wa kuvutwa, na tundu la hewa, mdomo wa bakuli la kabureta haupo. Fundi anaona mpira umebaki mkononi, anatafuta kiungo cha T anaunganisha tenki na bakuli la kabureta pamoja. Usikubali. Presha ya tenki mchana itapita kwenye T inaingia juu ya mafuta ya bakuli, inayasukuma kwenye jeti, injini inakula mafuta inatoa moshi mweusi na ikizimwa ya moto haiwaki. Acha kopo lishughulikie tenki peke yake, bakuli la kabureta lipumue kwenye nyumba ya filta ya hewa, kabureta nyingi zina njia hiyo tayari.

Jambo la pili, kwenye injekta aliyekuwa anaamua kopo lisafishwe lini ni kompyuta kupitia valvu ya umeme. Wewe huna kompyuta. Kwahiyo mpira wa kuvuta uende kwenye tundu la juu ya kipepeo, na kama pikapu yako bado ina ile valvu ya joto ipitishe hapo. Ukiuchomeka moja kwa moja kwenye manifodi ya kuvutia hewa utakuwa umetengeneza uvujaji wa hewa wa kudumu, mlio hautatulia na fundi atazungusha skrubu za kabureta mpaka achoke. Tundu la hewa la kopo liachwe wazi likiangalia mahali pasipo na maji na vumbi, nimeona limezibwa na silikoni eti "lilikuwa linavuja".

Pesa ni ndogo, kazi ni ya nusu siku kwa mtu anayejua. Ukubwa usikusumbue sana, kopo la gari dogo limetengenezewa tenki la lita 50 hivi, kwa Hilux moja linatosha, kwa Land Cruiser yenye tenki kubwa au mawili tafuta kopo la gari kubwa. Lifunge wima, mbali na manifodi ya moshi, na kwa bano la kweli sio waya wa kufungia.

Kwenye sheria ni katikati, huku hakuna atakayesema kitu, California mkaguzi akiona kopo la gari nyingine umekwama. Na ubaya wake mkubwa kwa maoni yangu ni kesho: mtu atakayeinunua gari au fundi wa mji mwingine hatajua mpira upi ni upi. Andika kwenye karatasi, iweke kwenye nailoni, bandika chini ya boneti.

Inamfaa mwenye gari la kazi linalolala mjini, kwenye uwanja wa nyumba zilizobanana, ambaye hana hela ya orijino lakini harufu hataki.

Kung'oa na kuacha tenki lipumue nje

Wanaosema ng'oa sio wajinga. Gari linalokesha shambani, linalopiga rafu za vumbi na kulala chini ya mwembe, mipira kumi ya vakyumu ni mahali kumi pa kuharibikia, na mfumo uliokufa nusu ni mbaya kuliko usiokuwepo. Kwa upande wa fundi hii inashinda zote, hata kijana wa kijijini ataielewa.

Ila kung'oa vizuri ni kazi, sio kuchomoa na kuziba. Tenki lazima lipate njia ya kutoa na ya kuingiza. Paipu ya mvuke ipandishwe juu kuliko mdomo wa kujazia, iwekewe filta ndogo mwishoni na valvu ya kuzuia mafuta gari likipinduka, na mdomo wake uishie nje kabisa, sio chini ya kabini, sio karibu na silensa, sio karibu na betri wala alteneta. Tundu la mvuto kwenye kabureta lizibwe kwa kofia ya raba nzima. Mlango wa bakuli la kabureta usiuzibe bila kujua kama kuna njia nyingine ya ndani, na ukiuacha wazi uelekeze mbali na manifodi ya moshi. Kubadili kifuniko cha tenki kuwa cha kupumua kunasaidia, lakini kama mdomo wa kujazia uko ubavuni kinaweza kuvujisha mafuta ukiwa umejaza na uko kwenye mteremko.

Injini mara nyingi haitaona tofauti, na anayekuambia ukiing'oa nguvu inaongezeka muulize alipima na nini. Kilichoongezeka ni utulivu wa mlio, kwa sababu kulikuwa na mpira uliopasuka ambao sasa haupo. Sehemu za joto kali au mwinuko utapata kitu kingine: ukimaliza kupanda mlima Kitonga kule Iringa mchana na mzigo, ukazima dakika kumi unywe soda, mafuta kwenye bakuli yanachemka, na hewa ya juu kule petroli inachemka kwa joto dogo zaidi kuliko Dar. Ukirudi kanyaga pedeli mpaka chini bila kupampu, piga stata. Hili lipo hata ukiwa na kanista, bila kanista unaongezewa harufu.

Harufu ndo gharama yake halisi. Mvuke ule una benzini, sio kitu cha kuvuta kila usiku, na gari hili sasa usililaze tena ndani ya gereji iliyofungwa wala jirani na jiko la mkaa la mama lishe. Kuhusu hela ya mafuta yanayopotea hewani, ni ya kweli lakini usitegemee kuiona kwenye pochi.

Inamfaa anayelaza gari nje, mbali na nyumba, asiyekuwa na duka la spea karibu, na ambaye mfumo wake umeshakufa wote.

Vingine vilivyoko hapo boneti

Kwa sababu watu wakishika koleo wanataka kung'oa kila chenye mpira: valvu ya PCV, ile inayovuta mvuke wa oili kutoka kwenye injini, usiitoe. Ni bei ya kawaida, itikise ukisikia inagongagonga ndani ni nzima, ikiziba oili inachafuka na sili zinaanza kuvuja. EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, ni mjadala wake wenyewe, kwa ufupi kuna injini ukiiziba zinaanza kugonga ukipanda mlima kwa sababu taimingi yake ilipangwa ikiwepo. Usiziweke kapu moja na kanista.

Sasa wewe ukoje

Gari linalala gereji ya ndani au ukuta mmoja na jiko: chagua kati ya kurudisha ya kiwandani na kupachika, kung'oa kutoe kwenye orodha. Kinachokuamulia hapo ni kama lile kopo lako likipimwa linatoa chembe za mkaa au la. Likiwa safi huhitaji kununua zaidi ya mipira.

Hilux ya mzigo, unashinda Kariakoo unalala Mbagala, fundi wako yupo mtaani: pachika, simama pale pale anapofunga uone mpira wa kuvuta umeingia wapi.

Uko Mpanda, Turkana, au mahali spea inakuja kwa basi: ng'oa kwa utaratibu ule wa juu, ila vitu vya mfumo visitupwe, vifunge kwenye mfuko viweke stoo, siku ukirudisha gari mjini au ukitaka kuliuza kwa mpenda gari za zamani vinaongeza bei.

Uko Marekani na umenunua pikapu ya miaka ya 80: sheria yao ya shirikisho inakataza kuondoa kifaa chochote cha kudhibiti moshi na mvuke, na tangu marekebisho ya 1990 katazo linamgusa hata mwenye gari mwenyewe, sio gereji tu. California gari za 1975 kurudi nyuma zimesamehewa kupimwa, kuanzia 1976 zinapimwa, wanafungua boneti wanaangalia kwa macho, na hadi za 1995 wana kipimo cha kuona kama mfumo wa mvuke unavuja. Hapo ni kiwandani au kifaa chenye kibali cha California, basi. Texas gari ikishapita miaka 24 haipimwi moshi, lakini ile sheria ya shirikisho bado iko pale pale, kwahiyo kutopimwa usikuelewe kama ruhusa.

Na kama bado unanunua, gari liko mbele yako: fungua kifuniko cha tenki injini ikiwa imetoka kutembea usikilize, tikisa kopo, fuata mpira wa mvuke kwa kidole mpaka mwisho wake. Ukikuta bolti mwambie muuzaji apunguze bei ya mipira, kifuniko na kazi ya kushusha tenki, la kopo utaamua baada ya kujua utalilaza wapi.